Nimelipa ada ya mahakama siku tatu baada ya muda kuisha: je, hakimu anaweza kuniongezea muda?

*“Wakili, salaam. Mimi ni mfanyabiashara wa mbao, naishi Moshi. Mwaka 2019 nilimuuzia mbao mtu aliyekuwa akijenga nyumba ya wageni Usa River, tukaandikiana kwamba angemaliza kunilipa ifikapo tarehe 30 Juni 2019. Hakumaliza. Alikuwa ananitumia kidogo kidogo kwa simu, mara ya mwisho shilingi 400,000 tarehe 14 Machi 2020, kisha akakata mawasiliano. Zimebaki shilingi milioni 23. Ijumaa tarehe 27 Juni 2025 kijana wa stesheneri alinisaidia kupakia hati ya madai kwenye mfumo wa mahakama, nikapata namba ya malipo, lakini fedha sikuwa nazo. Nililipa Alhamisi tarehe 3 Julai. Mdaiwa sasa ameweka pingamizi la awali kwamba shauri limefunguliwa nje ya miaka sita, na litasikilizwa mwezi ujao, Novemba. Kwenye hati ya madai niliandika deni lililobaki tu, sikueleza yale malipo ya simu. Nimeshauriwa nimwombe hakimu aniongezee muda kwa kifungu cha 93. Je, siku tatu zinaweza kunipotezea milioni 23?”*

Ndugu yangu, nianze na lile linalokuuma. Ndiyo, kwa sheria yetu siku tatu zinaweza kumpotezea mtu milioni 23, na hata siku moja inatosha. Hata hivyo, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na naona kwamba shauri lako huenda halijachelewa kabisa. Sababu yake umeitaja wewe mwenyewe kwa kupita, katikati ya maelezo, kana kwamba haina uzito. Nitaifikia. Kwanza ni lazima tuondoe mambo mawili au matatu ambayo, ukiyashikilia mbele ya hakimu, yatakupeleka pabaya.

La kwanza ni imani kwamba shauri huwa limefunguliwa pale hati inapopokelewa. Kwa miaka mingi msimamo wa mahakama zetu umekuwa tofauti: hati huhesabiwa kuwa imefunguliwa siku ada yake ilipolipwa, wala si siku karani alipoipokea. Mahakama ya Rufani ililisema hilo waziwazi katika uamuzi uliochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1992, na tangu hapo limerudiwa mara nyingi. Mantiki yake ni kwamba ada ndiyo inayoigeuza karatasi kuwa shauri, na kabla ya hapo masjala inashika waraka wa mtu ambaye bado hajaingia mahakamani. Kwa hiyo namba ya kumbukumbu ya malipo uliyopewa tarehe 27 Juni ilikuwa ankara, na ankara haisimamishi saa ya ukomo, yaani mwisho wa muda wa kufungua shauri.

Hapa kuna jambo la kukutetea, nami sitaki kulificha wala kulikuza. Kanuni za uwasilishaji wa nyaraka kwa njia ya mtandao za mwaka 2018 zilieleza kwamba waraka uliotumwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku huhesabiwa kuwa umewasilishwa siku hiyo, isipokuwa umekataliwa au mahakama imepanga muda mwingine. Kutokana na maneno hayo, baadhi ya majaji wa Mahakama Kuu wamekubali kwamba siku ya kupakia ndiyo siku ya kufungua shauri, na wengine wamebaki na msimamo wa zamani wa siku ya malipo. Wakili wako anaweza kuijenga hoja hiyo na aijenge vizuri. Mimi nisingekubali iwe nguzo pekee ya nyumba yako, kwa sababu hujui hakimu wako ataegemea uamuzi upi, na ukishindwa juu ya ukomo, kurudi ni kugumu.

Tuhesabu muda wenyewe. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Mdaiwa alikuwa na siku nzima ya tarehe 30 Juni 2019 kukulipa, kwa hiyo unaweza kusema kwamba alivunja makubaliano tarehe 1 Julai, na kwa kuwa siku ya kuanzia haihesabiwi, miaka sita iliisha tarehe 1 Julai 2025. Nimehesabu kwa upande unaokupendelea, na bado malipo ya tarehe 3 Julai yako nje. Siku zote hizo zilikuwa za kazi, hivyo huwezi hata kutumia ile nafuu inayomruhusu mtu kufungua shauri siku mahakama inapofunguliwa pale ambapo siku ya mwisho imeangukia wakati imefungwa.

La pili ni huo ushauri wa kifungu cha 93, ambao nausikia karibu kila wiki kwenye korido za mahakama Arusha na Moshi. Kifungu cha 93 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, kinampa hakimu uwezo wa kuongeza muda uliowekwa au uliotolewa na mahakama kwa ajili ya kufanya jambo linalotakiwa na sheria hiyo, hata kama muda wenyewe umekwisha. Mfano wake ni pale hakimu anapokuamuru urekebishe hati ndani ya siku 14 nawe ukachelewa. Miaka sita ya kudai deni haikuwekwa na hakimu. Imewekwa na sheria nyingine, na kifungu cha 93 hakiigusi.

Mtu mwingine atakuambia, basi tumia kifungu cha 14 cha Sheria ya Ukomo. Kifungu hicho kinaipa mahakama uwezo wa kuongeza muda kwa sababu ya msingi, lakini kwa rufaa na maombi tu, na hata katika maombi kimeyatoa nje maombi ya kukaza hukumu, yaani kuitekeleza. Shauri jipya la madai kama lako halimo. Hili watu wengi hawaliamini wanapolisikia mara ya kwanza: hakuna hakimu wala jaji nchini mwenye uwezo wa kukuongezea muda wa kufungua shauri la mkataba. Mwenye uwezo huo ni Waziri mwenye dhamana ya masuala ya sheria, chini ya kifungu cha 44, ambaye baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaweza kwa amri yake kuongeza muda usiozidi nusu ya ule uliowekwa. Kwa deni la mkataba nusu hiyo ni miaka mitatu. Njia hiyo ipo na imewahi kuwasaidia watu, ila ni ya kuomba kwa barua yenye sababu na vielelezo, amri inapaswa kupatikana kabla ya kufungua shauri upya, na huwezi kumpangia Waziri lini atajibu.

Kwa hiyo ukisimama mwezi ujao ukaomba “uongezewe muda”, utakuwa umefanya mambo mawili kwa wakati mmoja: umekiri kwamba umechelewa, na umeomba kitu ambacho mahakama haina uwezo wa kukupa. Hakimu hatakuwa na njia isipokuwa kifungu cha 3 cha Sheria ya Ukomo, kinachoagiza kwamba shauri lililofunguliwa nje ya muda litupwe, hata kama mdaiwa mwenyewe hakulalamika. Nawe uelewe uzito wa neno hilo. Shauri lililoondolewa mahakamani kwa kasoro ya utaratibu linaweza kurudishwa baada ya kasoro kurekebishwa. Lililotupwa kwa ukomo limefungwa, na linalobaki ni rufaa.

Kuna wanaotumaini kwamba Katiba itawaokoa, kwa kuwa Ibara ya 107A inaitaka mahakama itende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na tangu mwaka 2018 Sheria ya Mwenendo wa Madai yenyewe imebeba lengo hilo. Ni maneno mazuri na yana kazi yake. Lakini Mahakama ya Rufani ikiwa hapa hapa Arusha, katika rufaa ya Njake Enterprises dhidi ya Blue Rock, Na. 69 ya 2017, ilisema kwamba lengo hilo haliwezi kutumiwa bila kuangalia, kinyume cha masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri. Na ukomo unagusa msingi.

Ipo pia hoja ya upungufu wa ada. Sheria ya Mwenendo wa Madai inairuhusu mahakama, katika hatua yoyote, kumkubalia mtu alipe ada ambayo haikulipwa yote au sehemu yake, na waraka ukachukuliwa kana kwamba ada ililipwa tangu mwanzo. Inafaa sana pale karani alipokadiria kiasi kidogo kuliko kinachostahili, au pale thamani ya madai iliposahihishwa baadaye. Kwako ada haikupungua, ilichelewa nzima, na mdaiwa atasema kwamba kabla ya tarehe 3 Julai hapakuwa na waraka wa kuokolewa. Iwekwe kwenye mawasilisho kama hoja ya akiba.

Sasa turudi kwenye ile sentensi uliyoipita: shilingi 400,000, tarehe 14 Machi 2020, kwa simu.

Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ukomo kinasema kwamba pale ambapo haki ya kudai deni imekwisha kuzaliwa, kisha anayedaiwa akalikubali deni au akalipa sehemu yake, haki hiyo huhesabiwa kuwa imezaliwa siku ya kukubali au siku ya malipo ya mwisho, na si kabla. Kukubali deni bila kulipa kunahitaji maandishi yaliyosainiwa, lakini malipo yanajitegemea. Fikra iliyo nyuma yake ni ya haki: ukomo upo ili kumlinda mtu asisumbuliwe na madai yaliyozeeka ambayo ushahidi wake umepotea, na anayelipa sehemu ya deni amelitambua kuwa lingali hai, hivyo hana sababu ya kusema limezeeka tangu siku ya kwanza. Malipo ya Machi 2020 yalifanyika chini ya mwaka mmoja baada ya siku ya mwisho mliyokubaliana, wakati miaka sita ingali inatembea. Kwa hiyo hesabu yako inaanza upya hapo, na miaka sita inaishia katikati ya Machi 2026. Iwe shauri lako lilifunguliwa tarehe 27 Juni au tarehe 3 Julai 2025, lilikuwa ndani ya muda, na mjadala wote wa siku ya ada unapoteza nguvu.

Ungekuwa umeyaeleza malipo hayo kwenye hati ya madai, ningekuambia ulale usingizi. Tatizo ni kwamba hukuyaeleza. Amri ya VII kanuni ya 6 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inamtaka mdai ambaye shauri lake linaonekana kuwa nje ya muda aoneshe ndani ya hati yenyewe ni sababu gani inamtoa kwenye ukomo. Pingamizi la awali, tangu kesi maarufu ya Mukisa Biscuit ya mwaka 1969, huamuliwa kwa hoja ya sheria tupu, kwa kuangalia hati ya madai na viambatisho vyake. Hakimu akiifungua hati yako ataona mkataba, ataona tarehe 30 Juni 2019, ataona risiti ya tarehe 3 Julai 2025. Malipo ya simu hatayaona, na ukimweleza kwa mdomo siku ya kusikiliza pingamizi, wakili wa upande wa pili atasimama kusema kwamba unatoa ushahidi mahali pasipo ushahidi, naye atakuwa sahihi.

Kwa hiyo kazi yako kati ya leo na Novemba ni kuyaingiza malipo yale ndani ya hati ya madai, na njia ni mbili. Ya kwanza ni kuomba rukhsa ya kurekebisha hati chini ya Amri ya VI kanuni ya 17. Ni njia fupi, haikutozi ada ya shauri zima upya, lakini mahakama zetu hazipendi mtu arekebishe hati ili kukwepa pingamizi lililokwisha kuwekwa mezani, na mara nyingi zimekataa. Ya pili ni kuomba kuliondoa shauri kwa rukhsa ya kulifungua upya, chini ya Amri ya XXIII kanuni ya 1, kwa sababu kwamba hati ina kasoro inayoweza kuliangusha shauri. Hapa pia mdaiwa anaweza kupinga, na hata ukikubaliwa huenda ukaamriwa umlipe gharama zake za kufika hadi sasa, kisha utalipa ada tena. Kitu cha kushika sana ni kwamba, ukiliondoa shauri, ukomo huhesabiwa kana kwamba shauri la kwanza halikuwahi kuwepo. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa kaburi. Wewe una nafasi mpaka Machi 2026, mradi malipo ya simu yathibitike.

Ningekuwa wakili wako, ningeelekea njia ya pili, ningeiomba mapema iwezekanavyo kabla ya siku ya kusikiliza pingamizi, na hati mpya ningekuwa nimekwisha kuiandaa siku hiyo hiyo ya amri. Siyo kwamba njia ya kwanza haifai kabisa. Ni kwamba kalenda bado inakuruhusu kuanza upya bila doa, na nafasi hiyo haitakuwepo baada ya Machi. Ikiwa mahakama itakataa yote mawili na kulitupa shauri, utakuwa na siku 90 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na ukichelewa huko, basi hapo ndipo kifungu cha 14 kinapoweza kukusaidia.

Kuhusu kuthibitisha malipo, ujumbe uliobaki kwenye simu peke yake ni dhaifu. Nenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu uombe taarifa ya miamala ya kipindi hicho iliyogongwa muhuri, nenda mapema kwa kuwa ni kumbukumbu za zaidi ya miaka mitano, na wakili aambatishe kiapo kinachoeleza nakala hiyo ilipatikanaje. Angalia namba iliyotuma imesajiliwa kwa jina la nani. Kama ni ya mkewe au msimamizi wake wa ujenzi, utahitaji kuonesha kwamba alilipa kwa niaba yake na kwa deni hili, kwa sababu jibu la kwanza la mdaiwa litakuwa kwamba fedha ile ilikuwa ya jambo jingine. Ujumbe wa maneno aliokutumia siku hizo, kama “pokea hiyo, iliyobaki nitamalizia”, una thamani kubwa. Usiufute na usibadilishe simu kabla haujatolewa nakala.

Umeniambia ulichelewa kwa sababu ya kukosa fedha, nami nakuhurumia, maana najua hali ya biashara ilivyo. Kisheria ukata kwa kawaida haukubaliki kuwa sababu ya kuchelewa, ingawa Mahakama ya Rufani imewahi kuutilia maanani kwa mjane aliyekuwa akitegemea msaada wa kisheria. Asiye na uwezo kwa kweli anapaswa kuomba msamaha wa ada kabla muda haujaisha, kwa maombi yenye kiapo cha hali yake. Kungoja hadi apate fedha hakumlindi.

Neno fupi kwa wasomaji wengine ambao jambo lao ni rufaa au maombi, maana ninyi mnaweza kuongezewa muda. Vigezo vinavyotajwa kila siku vilitolewa mwaka 2011 na Mahakama ya Rufani ikiwa Arusha, katika maombi ya Lyamuya Construction, Na. 2 ya 2010: ueleze kipindi chote cha kuchelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, uoneshe bidii na si uzembe, na kama kuna dosari kubwa ya kisheria kwenye uamuzi unaoupinga, iwe inaonekana wazi bila kuchimbuliwa kwa hoja ndefu. Wengi huanguka kwenye kigezo cha kwanza. Kiapo kinachosema “nilikuwa mgonjwa mwezi Mei” hakitoshi ikiwa maombi yameletwa Agosti. Juni na Julai nazo zinahitaji maelezo, siku kwa siku, na ikiwa unamtaja karani aliyekuambia mfumo umekwama, karani huyo naye aape. Kosa la wakili kwa kawaida halikubaliki kuwa sababu. Na mdaiwa aliyechelewesha utetezi wake wa siku 21 ana dirisha dogo sana: aombe kabla muda haujaisha au ndani ya siku saba baada ya kuisha, na akikubaliwa anapata siku kumi.

Namba za vifungu nilizotumia ni za toleo la sheria la 2019, ambalo hukumu nyingi zinalinukuu. Katika toleo la 2023 baadhi ya vifungu vimepewa namba mpya, hivyo anayekuandikia nyaraka azioanishe.

Shauri lako halifai tena kuendeshwa na kijana wa stesheneri, hata awe mwaminifu namna gani. Mtafute wakili wiki hii. Kama gharama inakushinda, Moshi lipo shirika la KWIECO linalotoa msaada wa kisheria, nalo linaweza kukuelekeza hata kama halitalichukua shauri lenyewe. Ukienda, beba mkataba, hati ya madai kama ilivyopakiwa, namba ya malipo na risiti ya tarehe 3 Julai, utetezi wa mdaiwa pamoja na lile pingamizi, na simu yenyewe iliyopokea zile shilingi 400,000. Jambo la kwanza kumwambia wakili liwe tarehe 14 Machi 2020. Na siku hati mpya itakapopakiwa, uwe na fedha ya ada mkononi, ulipe siku ile ile, na usiondoke kwenye dirisha la wakala mpaka risiti ya serikali imesomeka kwenye mfumo.